Kikohozi Tulichokiita Salfa

Mwezi wa saba huku juu, upande wa Newala, kila mtu anakohoa, na asiyekohoa anapenga kamasi. Ni msimu wa kupulizia mikorosho. Alfajiri, majani yakiwa bado na umande, mashine zinaanza kunguruma kila upande, na unga wa manjano unapanda kwenye miti hadi hujui upi ni ukungu na ipi ni salfa. Macho yanawasha, pua zinachuruzika, koo linakereketa kutwa nzima. Hakuna anayekwenda hospitali kwa ajili hiyo. Unakunywa maziwa, unasukutua kwa maji ya chumvi, unasubiri msimu upite.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanaobeba mashine mgongoni. Mikorosho yangu haikuwa mingi, lakini nilipulizia ya watu, shamba baada ya shamba, na nikirudi nyumbani unga ulikuwa masikioni, puani, hata kwenye kope. Nikipenga, kamasi zinatoka za manjano, siku nyingine zina damu. Mtaalamu mmoja wa afya alishapita kijijini akatuambia tuvae barakoa na miwani, tuzibe na masikio kwa sababu ya ule mngurumo. Tulimsikiliza kwa adabu. Barakoa zikalowa jasho tukazitupa, nikabaki na kipande cha kanga kuukuu ya mke wangu nilichokifunga puani.

Nilikuwa naishi ukweni. Mimi ni mtoto wa Lukuledi, kule bondeni, nikamfuata mke wangu huku juu, nikajenga kwenye ua uleule wa mama yake. Mkwe kwetu ni mtu wa heshima, na heshima yenyewe ni ya mbali. Mimi na mama mkwe hatukuwa tunakula pamoja, hatukutazamana usoni, hatukukaa kwenye chumba kimoja. Akiwa na neno la kuniambia alimpa mtu anifikishie, na mtu huyo, mke wangu asipokuwepo, alikuwa binti yangu ambaye hata miaka mitatu hajatimiza. Mama mkwe alikuwa anasema, "Mwambie baba yako ugali uko tayari," nami nimesimama palepale nasikia kila kitu. Mtoto anageuka, ananitazama, anasema, "Ugali." Najibu, "Mwambie bibi nakuja."

Wageni kutoka mjini walikuwa wanatucheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Ukweni kuna raha yake: mnaishi miaka na miaka na hamjagombana hata mara moja, kwa sababu hamjazungumza.

Mwaka huo mke wangu alikwenda Nachingwea kumuuguza dada yake aliyejifungua kwa upasuaji. Mtoto tukagawana: mchana anakaa na bibi yake, usiku analala kwangu. Siku moja nikarudi kutoka shamba la mbali, jua limeshaelekea kuzama, nikamkuta mtoto anakohoa. Hakikuwa kikohozi cha kawaida. Alikuwa anainama, anakohoa mfululizo hadi machozi yanatoka, halafu ananyamaza na kuanza kuchezea vifuu vyake kama hakuna kilichotokea. Mama mkwe alikuwa upande wa jikoni, amekaa kwenye kibao chake, anabangua korosho za kula nyumbani. Hakuinua kichwa. Akamwambia mtoto, "Mwambie baba yako umeanza kukohoa leo."

Nikajitazama. Shati la manjano, suruali ya manjano, mikono ya manjano. Nikapandwa na hasira, na hasira zangu hazijui kunong'ona. Nikasema kwa sauti ili na upande wa jikoni wasikie, kwamba hiyo ni salfa, nimeileta mwenyewe na manguo yangu, nimeingia nayo ndani, nimempakata mtoto nayo, sasa imemkaa kifuani. Nikasema na tuanze maziwa leoleo. Mama mkwe aliinama zaidi juu ya korosho zake. Nilichukulia kuinama kule kuwa ni kukubali.

Tangu siku hiyo nilijitenga kama mwenye ukoma. Nguo za kazi nilizitundika kwenye mti nje ya ua. Nilioga kabla ya kuvuka kizingiti, na ninyi mnaojua maji ya huku juu yanavyopatikana mtaelewa nini maana ya mtu mmoja kumaliza ndoo nzima kila siku kutoka kwenye kisima cha mvua. Nililala kwenye banda la stoo ili nisipumue karibu na mtoto, naye nikamhamishia kabisa kwa bibi yake. Jirani mmoja mwenye mdomo akanitania kisimani, "Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji." Wengine walicheka. Mimi nilirudi na ndoo bila kuaga.

Maziwa alikunywa asubuhi na jioni. Tulimfukiza kwa mchaichai. Tulimpa asali na ndimu. Jirani yuleyule mwenye mdomo alikuja, akamfunua mtoto kinywa, akatangaza kwamba kimeo kimeshuka na yeye anamjua mzee wa kukikata. Hapo nilimtoa uani. Mdogo wangu alikatwa kimeo tukiwa watoto kule Lukuledi, akatapika damu hadi mama akapoteza fahamu; aliponea chupuchupu. Nilimwambia yule mama akimleta huyo mzee na kiwembe chake, atakayekatwa ni mwingine. Akaondoka amenuna.

Halafu kikohozi kikakata. Siku nzima mtoto hakukohoa, akacheza, akala. Nikampigia mke wangu nikamwambia salfa imetoka, maziwa yamefanya kazi. Siku iliyofuata kikarudi, na safari hii kilikuja na mluzi. Akivuta pumzi, kifuani palikuwa na sauti nyembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango. Mwili ukapata joto. Nikaenda duka la dawa nikanunua ya maji ya kikohozi na ya kushusha homa. Muuzaji aliniuliza mtoto ana nini, nikamjibu salfa. Akasema wengi wanakuja na hiyo.

Asubuhi moja sikwenda kazini. Sikuwa na sababu, moyo tu ulikataa. Nilikuwa nimekaa nje ya banda, nafunga waya kwenye mkanda wa mashine, nikamwona mama mkwe anatoka mlangoni kwake mbio, kanga imeanguka begani, mtoto mikononi. Alikuja moja kwa moja hadi mbele yangu. Tangu nioe hakuwahi kusimama karibu yangu namna hiyo. Akanyoosha mikono, nikampokea mtoto, naye akageuka palepale na kujifunika uso.

Midomo ya binti yangu ilikuwa imebadilika rangi. Kila akivuta pumzi, nyama ya katikati ya mbavu ilikuwa inazama ndani, na pale chini ya koo pakaingia shimo. Hakuwa analia. Mtoto akilia una matumaini. Huyu alikuwa amenitazama tu, macho makubwa, anafanya kazi moja ya kutafuta hewa.

Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa na gari, pikapu ya kubebea magunia. Hakuuliza swali. Aliwasha, akatupa magunia matupu nje, akasema twende Ndanda, hospitali ya misheni, huko ndiko wana vifaa. Tulipofika kwenye kupanda ndipo tatizo likajitokeza. Mbele kulikuwa na kiti cha dereva na nafasi ya mtu mmoja, labda wawili wakibanana. Nani ampakate mtoto? Mimi ninuke salfa tena, nimmalizie? Na mama mkwe hawezi kubanana na mimi kwenye kiti kimoja, goti kwa goti. Nilimrudishia mtoto kupitia kwa dereva, mama mkwe akaingia mbele, mimi nikaruka nyuma.

Nyuma ya pikapu sikuwa naona kitu. Kioo kilikuwa kimebandikwa karatasi nyeusi. Kabla hajaondoa gari nilimwambia dereva atoe mkono wake nje ya dirisha auache ukining'inia. Maadamu mkono uko nje, nijue mtoto anapumua. Akiuingiza, nijue basi. Alinitazama, akakubali kwa kichwa.

Nimepita njia ile mara nyingi maishani, lakini safari hiyo sikumbuki kijiji hata kimoja. Nakumbuka mkono. Mkono mnene wa mtu mzima, una saa ya chuma, unapiga piga mlango kwa vidole. Tulipoanza kuteremka kutoka juu, kwenye kona kali, mkono ukaingia ndani. Nilisimama. Gari linakwenda, mashimo yananirusha, nami nimesimama nimeshika bomba la chuma, nasubiri. Nilianza kusema Baba Yetu nikashindwa kuendelea baada ya maneno ya kwanza. Kisha mkono ukatoka tena. Alikuwa ameuhitaji kushika usukani huku mwingine ukibadilisha gia, baadaye aliniomba radhi. Hapo nilikaa chini kwenye bati nikalia kwa sauti, upepo ukachukua.

Hospitalini walimpokea haraka. Wakamwekea mpira wa hewa puani, rangi ya midomo ikarudi kidogo. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, wa masikio, pua na koo, nikaambiwa tuna bahati yupo. Mimi niliingia naye. Mama mkwe alibaki nje, koridoni, ameupa mlango mgongo, kwa sababu mimi nilikuwa ndani. Hata sikulifikiria. Ndivyo tulivyoishi siku zote.

Daktari aliweka kipimo chake kifuani, upande wa kushoto, upande wa kulia. Akarudi kulia. Akafumba macho akasikiliza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama mtoto amepaliwa na kitu chochote siku za karibuni, karanga, mbegu, shanga, chochote. Nikamwambia hapana, ni salfa. Nikamweleza msimu, mashine, nguo, maziwa, yote. Alinisubiri nimalize.

"Salfa inaingia mapafu yote mawili, baba," akasema. "Haichagui upande. Huyu upande wa kulia hauingizi hewa."

Akataka picha ya kifua, wakampiga palepale. Alipoitazama akasema pafu la kulia limejaa hewa isiyotoka, ila kitu chenyewe hakionekani, maana vitu vya kula havionekani kwenye picha. Alisema anaweza kumwingiza chumba cha upasuaji akaangalie, lakini kumlaza mtoto mwenye hali hii kwa nusukaputi kwa kubahatisha ni hatari. Nimonia nayo inaweza kuziba. Anataka kujua. Akaniuliza siku kikohozi kilipoanza mtoto alikuwa na nani. Nikamwambia na bibi yake. Akaniambia nimwite. Nikajibu kwamba ni mama mkwe wangu, hawezi kuingia nami nimo. Hakupoteza muda kunishangaa. Alisema, basi toka wewe.

Nikatoka, tukapishana mlangoni kila mmoja akitazama ukuta. Nilisimama koridoni. Haikuchukua muda, daktari akatoka tena, na safari hii sauti haikuwa ya chini sana.

"Nimemwuliza mara tatu. Ananijibu, baba yake amesema ni salfa. Nimemwuliza yeye aliona nini, anasema, baba yake ndiye anayejua. Mtoto anachoka. Akichoka kabisa hatavuta tena. Ingia ukaongee na mama yako."

Niliingia. Chumba kilikuwa kidogo, kina mlango mmoja tu. Mama mkwe alipoona ni mimi aligeuka ukutani na kuvuta kanga. Nilizunguka kitanda hadi nikasimama pale alipokuwa ametazama, nikajua ninachokifanya, nikajua kwamba kwao na kwetu hakuna mzee angenisifu. Mtoto katikati yetu alikuwa anavuta hewa kwa mabega.

"Mama," nikamwambia, "mimi sikuwepo siku ile. Nilisema salfa kwa kukisia. Sijui kitu. Wewe ndiye uliyeona. Sema, hata kama ni kibaya."

Alinitazama. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Yalikuwa na ukungu pembeni, ule wa uzee, na yalikuwa yamejaa hofu kuliko yangu.

"Alipaliwa," akasema. "Korosho. Nilimpa mimi."

Daktari hakusubiri zaidi. Alimwita muuguzi, akawataka watu wa chumba cha upasuaji wajiandae. Kisha akageuka kuuliza jambo dogo tu, mtoto amekula nini tangu asubuhi. Mama mkwe akajibu, maziwa, kikombe kizima, kabla tu hajazidiwa. Daktari akatueleza kwamba mtoto akilazwa kwa nusukaputi na tumbo limejaa, maziwa yanaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na hapo atazama, kama mtu majini, mbele ya macho yake yeye daktari. Inabidi kusubiri tumbo lishuke. Hewa ataendelea kupewa. Mtoto akizidiwa kabla ya wakati, yeye daktari hatasubiri, ataingia naye hivyohivyo. Hayo maziwa nilikuwa nimeyaagiza mimi, na mama mkwe alikuwa ameyachemsha, na wote wawili tuliyaona ni dawa.

Tukapewa benchi la mbao nje ya wodi. Mama mkwe alikaa mwisho wa huku, mimi mwisho wa kule. Kila muda mfupi muuguzi alipita na sisi sote tulimtazama usoni kabla hajasema kitu. Jua lilikuwa limehama kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, na milima ya nyuma ya Ndanda imeanza kuwa na kivuli.

Mama mkwe akaanza kuongea bila kuulizwa. Aliongea akitazama mbele, lakini maneno yalikuwa yangu. Alisema siku ile alikuwa anabangua, mtoto amekaa karibu yake, akampa korosho moja iliyokaangwa, kama anavyompa siku zote, kama alivyompa mama yake na wajomba zake. Mtoto akainuka kumkimbiza kuku huku anatafuna. Akapaliwa. Bibi akampiga mgongoni, kipande kikatoka, akakiona kwa macho yake, kuku akakidonoa. Akajua kimekwisha. Jioni mtoto alipoanza tena kukohoa moyo wake ulimwambia kitu, akataka niambiwe.

"Ukaja ukasema salfa," akasema. "Ulisema kwa nguvu, kila mtu alisikia. Mimi ni nani nimpinge mkwe? Halafu nikasema moyoni, afadhali iwe salfa."

Sitaficha nilichokihisi. Nilihisi chuki. Siku zote zile nimelala kwenye banda na panya, nimeoga na baridi ya mwezi wa saba, nimejiita muuaji wa mwanangu, na mtu huyu alijua. Nilipiga hesabu kichwani kwamba mtoto akifa, nitamzika na sitarudi kwenye ua ule hata kuchukua mashine. Nilifungua kinywa nimwambie hivyo. Nikaona amevua ndala, miguu yake imejaa vumbi la uani, hakupata hata nafasi ya kunawa tulipoondoka, na vidole vya mikono vina madoa meusi ya mafuta ya korosho ambayo hayatoki mtu akishabangua maisha yake yote. Afadhali iwe salfa. Na mimi je, nisingetamani iwe kitu chochote, mradi si cha mkono wangu? Nikafunga kinywa. Sikumsamehe muda ule, nisijipe sifa.

Kabla ya muda waliotuambia, milango ya wodi ilifunguka na kitanda kikapita mbio, daktari anatembea pembeni ameshika kidevu cha mtoto. Hakutueleza, na hatukuhitaji kuelezwa. Mama mkwe alisimama akafuata hatua kadhaa, muuguzi akamzuia. Aliporudi hakukaa mwisho wa benchi. Alikaa katikati.

Tulishaambiwa watakavyofanya. Watampitisha kinywani bomba jembamba lenye taa, lipite koo, lishuke njia ya hewa, na kwa koleo ndogo watakibana hicho kitu na kukitoa. Korosho ikikaa ndani ya mwili inavimba na kulainika. Ikivunjika mikononi mwa koleo, vipande vinaweza kuangukia upande mzima nao ukaziba. Hapo mtu hana upande wa kupumulia. Niliirudia picha hiyo kichwani. Nilikuwa nasikiliza mlango ule kwa masikio yangu haya mabovu ya mashine, yanayovuma mchana kutwa, na nikawa natamani hata sauti moja ya kitu kudondoka. Hakuna. Mama mkwe alikuwa anasali sala zake kwa Kimakonde, chinichini, nami sikuwa na sala, nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu na kuvipoteza.

Kilichotoka kwanza kilikuwa kilio. Kilio kikubwa, cha hasira, chenye kukwaruza, cha mtoto aliyeamshwa na watu asiowajua. Kwa kilio kile mtu anahitaji mapafu yote mawili. Mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia, na hakuna kati yetu aliyegundua hadi daktari aliposimama mbele yetu. Alikuwa na kipande cha shashi kiganjani. Ndani yake kulikuwa na nusu ya korosho, imevimba, imekuwa ya kijivu.

Alitueleza mengine baadaye, akiwa amekaa, amechoka. Kwamba mtoto akipaliwa ghafla, hata akitulia, asichukuliwe amepona, apelekwe akasikilizwe kifua. Kwamba kikohozi kukata siku moja si kupona, ni kitu kimetafuta mahali pa kukaa. Na kwamba korosho na karanga, kwa mtoto ambaye magego hayajakamilika, zisagwe au zipondwe, na ale akiwa amekaa. Mama mkwe alisikiliza kama mwanafunzi. Huku kwetu kumnyima mtoto korosho ni sawa na kumnyima maji, lakini hakubisha.

Asubuhi yake simu ikalia. Alikuwa mke wangu. Sikuwa nimempigia, nilijiambia nampumzisha, ukweli ni kwamba niliogopa. Alikuwa ameshapata habari kutoka kwa yule jirani mwenye mdomo, nusu yake ya kweli. Alikuwa analia na kufoka pamoja. Mtoto tulikuwa naye kitandani wodini, amelala kifudifudi juu ya tumbo la bibi yake, mpira wa hewa umeshaondolewa. Simu yangu husikika hata ukiwa mbali nayo, kwa hiyo sisi wawili tulimsikia anauliza, korosho imefikaje mdomoni mwa mtoto mdogo, nani alimpa?

Nilikuwa nimekaa na lawama ya aina hiyo siku nyingi, naijua inavyolala na mtu. Nikamjibu mke wangu kwamba mtoto aliiokota mwenyewe chini.

Mama mkwe akanyoosha mkono akanipokonya simu.

"Mumeo anakudanganya," akamwambia mwanawe. "Nilimpa mimi, kwa mkono huu. Yeye hakuwepo."

Akamweleza yote, tangu kuku hadi bomba lenye taa, hakujipunguzia hata neno. Kisha mke wangu akaomba kuongea na mtoto. Tukamwambia kalala, na koo bado linamuuma, hatazungumza. Akasema basi tumwekee tu simu karibu na mdomo. Bibi yake akaisogeza, nami nikaishika upande wa pili isiteleze. Mtoto akavuta hewa, akaitoa, akavuta tena, bila mluzi. Mke wangu akasema tusikate. Tukakaa hivyo, kila mmoja ameshika upande wake wa simu, hadi salio likaisha.